Mlio wa Upande wa Kushoto

Tarehe 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Anasema mkono wa kuandika hana, ila mdomo wa kukusema anao, kwa hiyo ukipaliwa na chai ujue ni dada yako.

Habari kubwa ni kwamba Bi Mkubwa ameamka. Tangu uhamie kwa Kaka, mwanao, na kuniachia ile pikipiki, ilikuwa imelala kwenye kona ya duka langu chini ya shuka, wateja wakija kupimwa nguo wanatundika mikoba yao kwenye usukani. Mwezi uliopita nikasema basi. Nimemwaga oili ya zamani, nimeweka mpya, nimesafisha kabureta kwa mswaki, nimebadilisha plagi, nikapiga kiki mpaka goti likaniuma. Akakohoa, akatoa moshi wa bluu uliomkimbiza jirani yangu muuza vitabu, kisha akaunguruma. Mjomba, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Lakini ana mlio. Chini ya ule muungurumo wake wa silinda moja kuna kitu kinagonga: ko, ko, ko. Fundi wa kona alikuja akainamisha kichwa, akasikiliza kidogo sana, akasema krenki, ule mhimili mkuu wa injini, imekwisha na lazima injini ipasuliwe yote. Nikamwambia Bi Mkubwa hapasuliwi na mtu kabla mjomba wangu hajasema. Akauliza huyo mjomba yuko wapi. Nikamwambia yuko mbali, na ndiyo maana naandika.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita mpaka inachoka. Kaka akiipokea anasema uko hapo hapo lakini hutaki. Kama nimekukosea niambie. Nia yangu, mvua zikiisha, ni kumpanda Bi Mkubwa mpaka huko kwenu, umwone kwa macho yako. Ile barabara ya milima unaijua wewe. Sitaki injini inifie kwenye mteremko.

Enzi za gereji yako mji mzima ulikuwa unasema una sikio la ajabu. Basi niazime.

Mpwa wako,
Sindano

~

Tarehe 17 Februari

Sindano,

Marahaba. Hujanikosea. Simu siipendi, basi. Mtu akitaka kuniambia jambo la maana aandike, apate na muda wa kufikiri kabla ya kusema. Wewe umeandika, umefanya vizuri.

Sasa kazi. Hiyo ko ko ko yako ifute. Ko ya mtu mmoja ni tak ya mwingine, na nimeona injini nzima zikichinjwa bure kwa sababu hiyo. Nataka unieleze mlio unakaa wapi, unakuja lini na unaondoka lini. Mengine ni hadithi.

Mwashe akiwa wa baridi kabisa. Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa ya baridi na kutulia ikipata joto, kwa sababu chuma hutanuka. Beringi ya krenki haina adabu hiyo. Oili ikishapata joto ikawa nyepesi ndiyo kwanza inapiga kelele, na ukiitwisha mzigo inazidi. Kwa hiyo mwache apate joto, kisha uniambie.

Halafu chukua bisibisi ndefu, ile yenye mpini wa mbao iliyomo kwenye sanduku la kijani. Ncha iweke juu ya injini, mpini uume kwa meno. Usiuweke sikioni kama mafundi wengine wafanyavyo. Sikio linapokea kila upuuzi wa mtaani, redio, honi, watu wanaogombana. Meno yanapokea kile yalichogusa tu. Funga macho. Anza juu kwenye tapeti, zile za kufungulia vali, shuka kwenye silinda, nenda kifuniko cha kulia, malizia cha kushoto. Mkono mwingine weka popote, ila si kwenye ekzosi.

Wewe ni fundi cherehani. Cherehani ikitaka kuharibika, mkono wako haujui mapema kuliko wewe mwenyewe? Basi utumie mkono huo huo.

Fundi wa kona msalimie. Mwambie injini haipasuliwi kwa kuinamisha kichwa.

Mjomba wako

~

Tarehe 1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeuma bisibisi na mtaa mzima umeniona. Muuza vitabu aliniuliza kama nimeanza kula vyuma.

Meno yamesema hivi. Juu kwenye tapeti kulikuwa na mguso mdogo mkavu, kama sindano iliyopinda inayogusa bamba la cherehani. Nilizipima kwa kile kipimo ulichoniachia, moja ilikuwa imelegea, nikairekebisha, mguso ukaisha. Lakini kule chini hakikubadilika kitu. Kwenye silinda kuna muungurumo wa kawaida. Kulia kuna minong'ono ya gia, laini tu. Kushoto, kwenye kile kifuniko kikubwa cha upande wa klachi, Mjomba, nilitetemeka mpaka kwenye fuvu. Linakuja pigo zito, halafu jingine dogo linalifuata, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayeshuka ngazi.

Akiwa wa baridi lipo. Akipata joto lipo vilevile. Nikiongeza mafuta kidogo linapungua, nikiachia linarudi. Kwa maneno yako, basi, si pistoni. Na kama ni krenki, mbona nikiongeza mafuta linatulia?

Nimefanya na jambo jingine, usinigombeze. Najua umesema simu huipendi, lakini nimerekodi mlio wenyewe na kumtumia Kaka kwenye simu yake akusikilizishe. Wewe ukiusikia mara moja tutamaliza ubishi. Nasubiri neno lako kuliko ninavyosubiri wateja.

Sindano

~

Tarehe 10 Machi

Dada Sindano,

Naandika nimesimama, unga mpaka kwenye kope, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Rekodi yako nilimwekea Mzee pale kwenye meza ya kukandia, na wafanyakazi wote wamemzunguka kwa sababu sifa zake wamezisikia. Aliishika simu akaiweka sikioni, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya gereji. Kisha akasema, "Tapeti hiyo. Mwambie apande tu, aje." Watu wakapiga makofi. Jibu lako ndilo hilo.

Lakini kuna jambo nataka tulizungumze wewe na mimi. Mzee hayuko sawa. Shangazi hatujamwambia, nawe usimwambie bado. Namuuliza Baba, umelala vizuri, ananijibu amekula, ameshiba. Namwambia mgeni wake amekuja, ananiambia atakwenda kesho. Watu wakizungumza sebuleni anainuka na kuondoka katikati ya maneno. Juzi alivuka barabara hapa mbele ya duka, lori liko nyuma yake linapiga honi mpaka watu wanajishika vichwa, naye anatembea kama yuko uani kwake. Nilimvuta kwa shati. Akanikasirikia mimi.

Ni umri, Dada. Akili imeanza kumtoka. Mke wangu na mimi tumeamua asitoke peke yake tena, na nimempata mtu wa kukaa naye mchana. Spana zake nimezifungia stoo asije akajiumiza. Alizitafuta siku nzima bila kumuuliza mtu, ikanikata maini, lakini nifanyeje? Mwezi ujao nitaita kikao cha familia tuliweke jambo hili wazi.

Kwa hiyo nakuomba haya mambo ya pikipiki yaishie hapa. Usimchoshe kwa barua. Na usiilete, maana akiiona ataitaka.

Kaka yako,
Mwoka mikate

~

Tarehe 24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kaka aliniletea jibu lako la tapeti. Nilishangaa, kwa sababu tapeti nilisharekebisha na nilikwambia. Lakini nikajiambia, mimi ni nani, mwenye sikio amesema. Nikavaa helmeti, nikampanda Bi Mkubwa mpaka kwenye kilima cha shule.

Katikati ya kilima akaanza kupiga. Lile halikuwa ko wala tak, Mjomba. Lilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya chuma anataka kutolewa. Nilihisi kila pigo kwenye nyayo. Nikavuta klachi, nikazima, akasimama, akaanza kurudi nyuma na mimi juu yake. Breki ya mbele ilishika mwishoni kabisa. Nimechubuka kiwiko. Nilimsukuma mpaka nyumbani na Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliyoyasema sitayaandika.

Sijakasirika kwa ajili ya kiwiko. Nimekasirika kwa sababu naona nina wajomba wawili. Mmoja ameniandikia barua na kila neno lake limepimwa kama kitambaa cha bibi harusi. Mwingine anashika simu mbele ya watu na kusema tapeti. Nimeisoma tena ile barua yako nikiwa nimekaa sakafuni karibu na Bi Mkubwa. Simu hupokei. Sikio umeliona la kipuuzi, unataka meno. Hakuna hata sehemu moja uliyoniambia nisikilize. Kila ulichoniambia ni cha kugusa.

Nakuuliza jambo moja, nakuomba unijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Ule mlio niliokutumia, uliusikia?

Sindano

~

Tarehe 2 Aprili

Sindano,

Marahaba. Sikuusikia.

Nilishika kitu kilichokuwa kinatetemeka kidogo mkononi, nikaona watu wananitazama na mwanangu ananitazama, nikasema neno ambalo kwenye pikipiki ya zamani huwezi kulikosea sana, barua yako ya bisibisi ikiwa bado haijanifikia. Neno hilo ndilo lililokupeleka kilimani. Tangu nisome barua yako kile kiwiko hakiondoki mbele ya macho yangu.

Masikio yalianza kuondoka nikiwa bado na gereji. Zilitangulia sauti nyembamba, za tapeti na cheni. Kisha zikaondoka sauti za wanawake na watoto, nikawa naona midomo tu. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linapokea ngurumo, na mtu akipaza sauti karibu napata vipande. Nilifanya kazi muda mrefu kwa mikono na meno na hakuna injini iliyorudishwa. Lakini watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya lile sikio, wanaleta mpaka wageni waone. Siku moja mteja aliniuliza kitu nikiwa nimempa mgongo, nilipogeuka nikakuta mwenzake anacheka. Nikafunga gereji. Niliwaambia ni magoti. Mama yako akanitumia dawa ya kuchua, nami nikachua magoti mazima.

Yangu yanatosha. Turudi kazini, maana barua yako ina kitu ambacho nilikuwa sina. Kilimani ulivuta klachi kabla ya kuzima. Je, pigo lilibadilika? Inawezekana ulikuwa na shughuli nyingine pale, kwa hiyo rudia akiwa amesimama, hana gia. Uma bisibisi kushoto, vuta klachi taratibu, iachie taratibu. Krenki iliyokwisha haibembelezwi na klachi, itagonga vilevile. Pigo likibadilika, basi ugonjwa uko nje ya injini, ndani ya kile kifuniko, na injini yenyewe ni nzima.

Pia mwaga oili ya injini kwenye bakuli jeupe uitazame juani. Sugua tone kati ya vidole. Beringi inayokufa huacha unga unaong'aa, utauhisi kama mchanga mwembamba. Oili ikiwa laini, usimruhusu mtu apasue chochote.

Kisha fungua kifuniko cha kushoto. Utakuta cheni fupi inayotoka kwenye gia ndogo ya injini kwenda kwenye klachi. Usianze kutazama, macho yana haraka. Shika. Tikisa kila kilicho kwenye shafti, juu chini, mbele nyuma, kama unavyotikisa jino la mtoto.

Barua hii ataichukua dereva anayesambaza mikate. Mwanangu usimwambie neno. Spana zangu hazionekani na nadhani najua zilipo. Akijua na hili la masikio, atanifungia na mimi.

Mjomba wako

~

Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Habari za oveni. Uliniomba nisimwandikie Mzee, nimeshindwa. Naye ameniomba nisikwambie jambo fulani, na hilo nalitimiza, sikwambii kitu.

Nakuomba tu ufanye hivi. Mzee akiwa amekaa ametulia, amekupa mgongo, chukua trei kubwa ya chuma. Nenda polepole usikanyage kwa kishindo, maana sakafu itamwambia. Iangushe nyuma yake, mbali kidogo. Usiseme neno. Mtazame.

Ukishamtazama, kabla hujaita kikao cha mtu yeyote, chukua karatasi umwandikie swali lolote ambalo umekuwa ukimuuliza kwa mdomo.

Mimi nimepanda kilima na kukishuka kinyumenyume kwa ajili ya baba yako. Wewe nakuomba trei moja.

Dada yako,
Sindano

~

Tarehe 20 Aprili

Dada,

Niliangusha trei. Wafanyakazi waliruka, paka akapanda juu ya magunia, mke wangu akatoka ndani mbio akidhani oveni imelipuka. Baba aliendelea kuchovya mkate kwenye chai.

Nilikaa chini pale pale kwenye unga. Kisha nikachukua karatasi ya kufungia mikate nikaandika, "Baba, umelala vizuri?" Nikamwekea mbele yake. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Akachomoa kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio langu akaandika, "Vibaya. Mashine yako ya kukandia inatikisa ukuta wangu tangu alfajiri. Ina mguu mmoja haujakaza." Chini yake akaandika, "Nani amekwambia?" Nikaandika, "Trei." Alicheka, Dada. Tangu aje kukaa kwangu sijawahi kumwona akicheka namna ile.

Tumeandikiana siku nzima, mke wangu akawa anafungia wateja mikate kwenye magazeti. Kumbe kulala na kula, ukiangalia midomo tu, havitofautiani sana. Kumbe sebuleni anaondoka kwa sababu amechoka kukisia. Kumbe lile lori hakulisikia, na aliponikasirikia ni kwa sababu aliogopa, hakutaka nione. Nilikuwa naishi naye nyumba moja, Dada, na wewe umeyaona haya ukiwa huko uliko.

Yule mtu wa kukaa naye ameondoka na kikao hakipo. Spana nimezitoa stoo nikampelekea mwenyewe. Alizikagua moja moja akaniandikia kwamba mbili nimezirudisha na kutu. Tumekwenda kwa daktari wa masikio, akampa kifaa cha sikio la kulia. Anasema kinamletea kelele za oveni tu, lakini wajukuu wakiingia naona anakivaa haraka.

Nilisema usiilete pikipiki. Ilete.

Kaka yako

~

Tarehe 3 Mei

Shikamoo Mjomba,

La trei najua unalijua. Sikumwambia kitu, hilo naweza kuapa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baada ya kusoma yanayofuata.

Oili ilikuwa laini kama mafuta ya nywele, haina chembe. Nikamwita fundi wa kona makusudi, nikampa bisibisi naye aume. Tukawa tunapokezana, mmoja anavuta klachi, mwingine amefumba macho na mpini mdomoni. Klachi ikivutwa, lile pigo dogo linapotea na lile zito linakuwa kama limefunikwa blanketi. Ikiachiwa, yanarudi yote mawili. Fundi alitoa bisibisi mdomoni akasema, "Basi si krenki. Nilikosea." Alisema bila kusukumwa na mtu, nikampenda kidogo.

Tukafungua kifuniko. Sikutazama, nilishika. Cheni ilikuwa na ulegevu wake wa kawaida. Klachi imara. Kisha nikaishika ile gia ndogo ya mbele, Mjomba, ikacheza mkononi mwangu. Nati yake kubwa niliizungusha kwa vidole. Kwa vidole, nati ambayo spana ya kuikazia ni ndefu kuliko mkono wangu! Tulipoivuta gia tukakuta kile kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi, kinachoizuia isizunguke juu ya shafti, kimelika upande mmoja. Kwa hiyo shafti inatangulia, gia inachelewa, kisha inagonga. Kilimani, kwa uzito wangu na wake, ilikuwa karibu kukikata kabisa.

Fundi wa kona ana makopo ya vyuma vya zamani. Tulipekua mpaka tukapata kipande kinachokaribiana nacho, akawa anakisugua kwa tupa na mimi nakijaribisha, nasema bado, anasugua, nasema bado. Akasema sasa anaelewa kwa nini nguo zangu huchelewa. Nikamjibu nguo isiyokaa begani haitoki dukani kwangu, na kipande hicho nacho hakitoki mezani. Kilipokaa, kilikaa. Tukaweka washa mpya, ile pete ya bati ya kufungia nati, tukakunja ukingo wake juu ya nati isirudi nyuma. Spana yake kubwa aliniazima, na nati niliikaza mwenyewe nikiwa nimening'inia juu yake kwa uzito wangu wote, ambao unajua si mwingi. Hakuigusa hiyo spana mpaka nilipomruhusu, akaongeza robo mzunguko, tukafunga.

Nimemwasha. Nimeuma bisibisi kushoto. Hakuna anayeshuka ngazi tena. Nimepanda kilima cha shule peke yangu, kisha nikapanda tena nimempakia Mama. Mama alishuka akasema hatapanda kitu hiki tena maishani mwake, kisha akauliza kesho tunakwenda wapi.

Mvua zimepungua. Nakuja. Nikifika sitapiga honi. Nitamleta mpaka kwenye ukuta wa chumba chako, utanijua.

Sindano

~

Tarehe 4 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama. Milima yote, kwenda na kurudi, Bi Mkubwa hakukohoa hata mara moja. Mama amenipokea kama mtu aliyetoka vitani, akakagua viwiko vyote viwili kabla ya kunipa maji.

Bado nakuona ulivyotoka nje siku ile na shati umelifunga vifungo vibaya. Nilikuwa nimeshika usukani, injini inawaka. Hukunisalimia. Uliweka kiganja kwenye tangi, ukafumba macho, ukakaa hivyo mpaka Kaka akaanza kujifuta uso kwa aproni akisingizia unga. Kisha ukafumbua macho ukasema, "Mafuta ya kabureta umeyazidisha kidogo." Nilitaka kukupiga na nilitaka kulia. Ni kweli, niliyazidisha.

Na ulivyompanda! Kaka yuko nyuma yako, mikono mabegani mwako, anakugonga la kulia gari likija kulia, la kushoto likija kushoto. Watu wa mtaa wenu walikuwa wanawatazama kama maandamano. Kaka aliniambia hajawahi kuogopa vile na anataka mrudie.

Pale getini wakati naondoka nilikuuliza jambo, ukanijibu. Nimelipokea jibu lako, Mjomba. Usidhani nimeumia. Nilitaka tu ujue kwamba nililiuliza kwa moyo.

Sindano

~

Tarehe 15 Juni

Sindano,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikakwama kwenye hiyo habari ya geti.

Ninavyokumbuka mimi, ulikuwa umeinama unafunga mkanda wa helmeti, mdomo wako sikuuona. Niliona mabega tu, yanauliza kitu. Nikakisia, kama nilivyozoea. Nikakujibu, "Barabara ni kavu, wewe nenda." Ukaniangalia kidogo, ukapiga kiki, ukaondoka.

Mwanangu alikuwa amesimama karibu yako. Leo nimemuuliza ulisema nini, ameniandikia kwenye karatasi ya mikate. Ulisema, "Mjomba, nikuachie Bi Mkubwa?"

Basi umerudi kwenu milima yote ile ukidhani nimemkataa. Nikujibu sasa, na nikujibu kweli. Ningelisikia swali lile ningesema ndiyo. Ningesema kabla hujamaliza. Nilikuwa nimempanda asubuhi ile ile, mikono ilikuwa bado ina joto lake. Ningesema niachie, nawe ungerudi kwa basi na helmeti mapajani, na usingenung'unika, nakujua. Naye angesimama hapa ukutani kwangu. Ningemfuta vumbi kila siku, ningemwasha ili nimshike, na barabara angeiona pale tu mwanangu anapopata nafasi ya kunikalia nyuma na kunigonga mabega. Milima asingeiona tena.

Masikio haya yameninyima mengi na yamenifanya nidanganye watu ninaowapenda. Siku ile getini yametoa jibu bora kuliko lile nililokuwa nalo moyoni. Ni mara ya kwanza nayashukuru.

Bi Mkubwa ni wako. Hukuachiwa umtunzie mtu, ni wako. Njoo naye utakapotaka, ondoka naye utakapotaka.

Ataanza mlio mwingine. Pikipiki ya umri ule lazima ianze. Ukiusikia, usikimbilie kalamu kuniuliza ni nini. Uma bisibisi, fungua, shika, tikisa, tengeneza, funga. Ukishanawa mikono ndipo ukae uniandikie, uniambie ulichokuta.

Mjomba wako